Je, Wajua? Madeni Yaliyofutwa kwa Baragumu

Kwenye maduka mengi ya mtaani, juu ya mizani na katoni za sabuni, utakuta karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: leo taslimu, kesho mkopo. Waswahili hatutanii na deni. Dawa yake ni kulipa, na aliyekopa harusi atalipa matanga. Kwa hiyo huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba dini zetu mbili kubwa, na nyingine zilizozitangulia, zinaijua dawa ya pili ya deni, nayo ni kulifuta. Tena si kwa kungoja mdai aamke na moyo mweupe. Mara nyingi lilifutwa kwa sheria, kwa tarehe maalumu, na pengine kwa kitisho cha kifo.

Je, wajua kwamba wafalme wa Babeli walifuta madeni ya raia wao mamia ya miaka kabla ya manabii wa Israeli? Hammurabi, yule wa sheria za jicho kwa jicho, alitangaza misamaha ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Barua moja ya enzi za ukoo wake, iliyoandikwa kwenye kibao cha udongo, inakumbuka siku mfalme alipoinua mwenge wa dhahabu kuutangaza msamaha. (Mtanzania ausome mwenge huo apendavyo.)

Tamko lililotufikia likiwa zima zaidi ni la Ammi-saduqa, aliyetawala Babeli katika karne ya 17 KK. Lina akili kuliko mikataba mingi ya leo. Deni la shayiri au fedha alilokopa mtu kwa shida lilifutwa. Mkopo wa mfanyabiashara aliyechukua mtaji kwa ajili ya faida haukuguswa. Mfalme aliwajua pia wakopeshaji wake. Walikuwapo waliokopesha kwa riba kisha wakaandikisha kibao kana kwamba ni mauzo, au kana kwamba mali imewekwa amana tu, ili msamaha ukija usiwakute. Tamko likasema mashahidi waitwe, na mkopeshaji huyo alipe mara sita. Asipoweza, afe. Basi ule ujanja wa kuuvalisha mkopo kanzu ya biashara haukuanzia kwenye benki za leo.

Jiwe la Rosetta nalo, lile lililowawezesha wataalamu kusoma maandishi ya kale ya Misri, lina msamaha ndani yake. Tamko lake la mwaka 196 KK linamsifu mfalme Ptolemaio wa Tano, pamoja na mengine, kwa kuwafutia watu malimbikizo ya kodi waliyodaiwa na hazina ya ufalme.

Je, wajua kwamba ile sura ya Biblia inayonukuliwa sana na watetezi wa msamaha wa madeni haisemi moja kwa moja kwamba madeni ya fedha yafutwe? Walawi 25 inaagiza kwamba kila mwaka wa hamsini, uitwao yubile, Siku ya Upatanisho, baragumu lipigwe nchi nzima. Ardhi iliyouzwa kwa shida irudi kwa ukoo wake, na Mwisraeli aliyejiuza utumwani kwa umaskini arudi nyumbani. Kufuta deni lenyewe kumo katika Kumbukumbu la Torati 15, na huko hakungoji miaka hamsini. Ni kila mwaka wa saba. Wahubiri na wanaharakati wamezisuka sura hizo mbili pamoja, wala si vibaya, kwa maana aliyepoteza shamba kwa kawaida alianza kwa kukopa mbegu.

Sura hiyo ya Kumbukumbu la Torati ina onyo linaloonyesha kwamba mwandishi wake aliwahi kukaa sokoni. Inamkataza tajiri asimnyime ndugu yake mkopo kwa hesabu kwamba mwaka wa saba umekaribia. Onyo halikufua dafu. Kufikia karne ya kwanza KK matajiri walikuwa wakifunga mifuko kila mwaka huo uliposogea, na maskini akakosa hata wa kumkopesha. Mwalimu Hillel, mmoja wa wakuu wa sheria ya Kiyahudi, akabuni hati iitwayo prosbul. Mkopeshaji aliikabidhi mahakama madai yake, na kwa kuwa msamaha wa mwaka wa saba ulihusu deni kati ya mtu na mtu, deni lililo mikononi mwa mahakama likapona. Hillel alifanya hivyo kwa kuwahurumia wakopaji, ili milango ya mikopo ifunguke. Lakini baada ya hapo mwaka wa saba ulibaki na heshima ya kitabuni huku madeni yakiendelea kudaiwa.

Kisa cha Nehemia, kwa maoni yetu, ndicho kizuri kuliko vyote. Yerusalemu ilikuwa inajengwa upya na watu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka na kodi ya mfalme. Wengine walikuwa wameshawatoa watoto wao utumwani. Nehemia, akiwa mtawala, aliitisha mkutano mkubwa akawakemea wakubwa. Kabla hawajajitetea akakiri mbele ya wote kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wamekopesha. Aliamuru mali zirudishwe pamoja na riba, akawaita makuhani, akawaapisha wakopeshaji palepale, kisha akakung'uta vazi lake: asiyetimiza ahadi, Mungu amkung'ute hivyo hivyo. Miongoni mwa waliowahi kufuta madeni ya watu, wachache sana walianza kwa kujitaja wenyewe.

Na ile Kengele ya Uhuru ya Philadelphia, iliyoagizwa mwaka 1751 na ambayo Wamarekani wanaienzi kama alama ya taifa lao? Maneno yaliyochorwa juu yake yametoka Walawi 25, kwenye mstari wa kutangaza mwaka wa yubile.

Je, wajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii pepo wala moto, bali deni? Ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqarah. Inaagiza deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Aya mbili kabla yake inasema mdaiwa aliyekwama apewe muhula mpaka apate nafuu, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi kwa mdai. Katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, wenye madeni wametajwa miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka.

Hapa pwani mafundisho hayo yako hai msibani. Kabla jeneza halijachukuliwa kwenda makaburini, mmoja wa jamaa husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na mwenye kuweza kusamehe asamehe. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume alijizuia kumsalia maiti aliyeacha deni, mpaka sahaba mmoja aliposimama akalibeba deni lile. Deni la mtu, basi, lina mwisho: analipa yeye, au warithi wake kutoka kwenye mali aliyoacha, au anasamehewa. Deni la nchi halina matanga. Rais aliyekopa anazikwa kwa mizinga, na anayelipa ni mtoto aliyezaliwa miaka thelathini baadaye.

Sasa tuvuke hadi Roma. Papa Bonifasi wa Nane alipotangaza Jubilei ya kwanza ya Kanisa mwaka 1300, ilikusudiwa irudi kila baada ya miaka mia. Papa Klementi wa Sita akaifanya hamsini, na baadaye Papa Paulo wa Pili akaishusha hadi ishirini na mitano, ambayo inafuatwa hadi leo. Kwa karne nyingi Jubilei hizo zilihusu msamaha wa dhambi kwa mahujaji. Jina la yubile lilivuka bahari, madeni yakaachwa ng'ambo. Si kwamba Kanisa lilimsahau mdaiwa. Mwaka 1462 Wafransisko walianzisha huko Perugia nyumba ya kukopesha maskini kwa rehani na kwa gharama ndogo, ili kuwaokoa na walanguzi wa fedha. Nyumba za namna hiyo zikaenea Italia, na ile ya Siena ya mwaka 1472 imegeuka benki ambayo ingali inafanya kazi. Lakini kuhusisha Jubilei na kufuta madeni ya mataifa ni jambo la juzi: ni barua ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya Novemba 1994, iliyopendekeza kwamba mwaka 2000 uwe wakati wa kupunguza sana, kama si kufuta kabisa, madeni ya kimataifa.

Kwa nini madeni yale yalifika shingoni? Katika miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda, na nchi zenye mafuta zikaweka fedha zake katika benki za Magharibi. Benki zikatafuta wakopaji, zikawapata Afrika na Amerika ya Kilatini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 riba ikaruka, kahawa, pamba na katani zikaanguka bei, na Agosti 1982 Mexico ikatangaza kwamba haiwezi kulipa. Afrika iliyokuwa inadaiwa zaidi na serikali za nje na taasisi kubwa ilizama polepole, bila kelele. Mwalimu Nyerere ndiye aliyeipigia kelele: katikati ya miaka hiyo aliuliza hadharani kama tunatakiwa kuwaacha watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni.

Je, wajua kwamba kampeni iliyowatikisa wakubwa wa dunia ilianzishwa na wazee wawili wastaafu wa Uingereza? Martin Dent alikuwa amefundisha siasa katika Chuo Kikuu cha Keele, na Bill Peters alikuwa balozi mstaafu. Dent alikuwa mzao wa Thomas Fowell Buxton, mbunge aliyeongoza vita vya kukomesha utumwa katika himaya ya Waingereza. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: utumwa ulihesabiwa mali halali mpaka watu wa dini walipokataa kuuita hivyo. Basi mnyororo ukawa alama ya kampeni yao, Jubilee 2000.

Tarehe 16 Mei 1998 viongozi wa kundi la nchi kubwa, G8, walikuwa na mkutano wao Birmingham. Watu wapatao 70,000, wengi wao waumini wa parokia na sharika za kawaida, wakaja kwa mabasi na treni, wakashikana mikono na kuzunguka katikati ya mji. Viongozi wenyewe hawakuwapo siku hiyo. Walikuwa wamekwenda kupumzika na kuzungumza Weston Park, jumba la kifahari shambani, mbali na mji. Mnyororo ukazunguka kiti kitupu. Hata hivyo Waziri Mkuu Tony Blair alilazimika kukutana na viongozi wa kampeni, na deni la nchi maskini likageuka habari ya ukurasa wa mbele. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Cologne, G8 walikubali kupanua msamaha. Sahihi zilizokusanywa duniani zilifika milioni 24 hivi.

Kuna vituko pia. Septemba 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwapokea watetezi wa kampeni Castel Gandolfo, akiwamo mwanamuziki Bono wa Ireland. Papa alizitazama sana miwani nyeusi za mgeni wake, Bono akamzawadia, na Baba Mtakatifu akazivaa palepale. Maofisa wa Vatikani waliona vyema picha hiyo isitoke. Bono huyohuyo akaenda Washington kumwona Jesse Helms, seneta mhafidhina wa North Carolina aliyekuwa akiibeza misaada ya nje kama fedha za kutupa kwenye shimo. Hakwenda na takwimu, alikwenda na aya za Biblia. Helms alitokwa na machozi, akabadilika. Mwishoni mwa mwaka 2000 Bunge la Marekani liliidhinisha dola milioni 435 kwa ajili ya msamaha huo. Uingereza, Waziri wa Fedha aliyeutetea alikuwa Gordon Brown, mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Scotland.

Na fedha za kufuta madeni zilitoka wapi? Sehemu yake ilipatikana kwa mazingaombwe ya hesabu yasiyo na kifani. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikuwa na dhahabu iliyoandikwa vitabuni kwa bei ya zamani, chini mno ya bei ya soko. Kati ya Desemba 1999 na Aprili 2000 iliwauzia Brazil na Mexico wakia karibu milioni 13 kwa bei ya soko, kisha dakika ileile ikaipokea dhahabu hiyohiyo kama malipo ya madeni ambayo nchi hizo zilidaiwa na IMF. Dhahabu haikutoka ghalani. Kilichobadilika ni tarakimu, na tofauti ya bei ikaenda kwenye mfuko wa msamaha.

Mpango uliobeba misamaha hiyo ni ule wa nchi maskini zenye mzigo mkubwa wa madeni, HIPC, ulioanza mwaka 1996. Uganda ilikuwa ya kwanza kunufaika, Aprili 1998. Tanzania ilifika mwisho wa masharti yake Novemba 2001, ikasamehewa madeni ya dola bilioni 3 hivi. Rwanda ikafuata mwaka 2005, Burundi 2009, Congo 2010. Wa karibuni kabisa ni Somalia, Desemba 2023, nchi ya 37, iliyopunguziwa dola bilioni 4.5. Msamaha wote wa mpango huo umezidi dola bilioni 100. Masharti yalikuwa mengi na machungu, na nchi ilisubiri miaka mingi huku ikikaguliwa. Baragumu la Walawi halikuwa na fomu za kujaza.

Na fedha zilizookolewa zilifanya nini? Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi na kuanza mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM. Wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa milioni 4.4 mwaka 2000 wakafika milioni 7.5 mwaka 2005. Waliosoma miaka hiyo wanayakumbuka madarasa mapya yenye watoto mia na dawati la wanne wanne, na hawakosei. Lakini wamo ndani ya hesabu. Kenya haikupata msamaha wa HIPC, kwa kuwa deni lake lilihesabiwa kuwa la kubebeka. Hata hivyo Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifungua shule za msingi bila ada. Haitakuwa haki, basi, kusema kila dawati lilinunuliwa na msamaha.

Je, wajua kwamba wakopeshaji wa Zaire, yaani Congo ya leo, waliambiwa mapema kwamba fedha zao hazitarudi? Mwaka 1978 IMF ilimpeleka Kinshasa Mjerumani Erwin Blumenthal kusimamia Benki Kuu. Aliondoka baada ya muda mfupi, na mwaka 1982 akaandika ripoti iliyosema wazi kwamba, kwa jinsi watawala walivyokuwa wakikwapua, wadai wasitegemee kulipwa. Waliendelea kumkopesha Rais Mobutu, maana vita baridi vilihitaji rafiki. Mobutu alikimbia mwaka 1997, deni likabaki kwa mama anayeuza mihogo Lubumbashi. Congo ilipofutiwa dola bilioni 12.3 Julai 2010, wapo waliouita ukarimu. Tangu mwaka 1927 mwanasheria wa Kirusi Alexander Sack alishaandika kwamba deni alilokopa dikteta kwa manufaa yake, huku mkopeshaji akijua, si deni la taifa. Askofu Mkuu Njongonkulu Ndungane wa Cape Town alitumia hoja hiyohiyo kuhusu madeni ya utawala wa ubaguzi Afrika Kusini, ingawa serikali ya nchi hiyo iliamua kulipa.

Aliyewahi kunufaika zaidi na msamaha wa wadai pengine ni Ujerumani. Mkataba wa London wa Februari 1953 ulifuta karibu nusu ya madeni yake ya nje, na malipo yaliyobaki yakafungamanishwa na uwezo wake wa kuuza bidhaa nje. Ugiriki ilikuwa miongoni mwa wadai waliosaini.

Hadithi ya ujanja wa wakopeshaji haikuishia kwa Ammi-saduqa wala Hillel. Mwaka 1979 Zambia ilikopa Romania kununua matrekta. Miaka ishirini baadaye Romania ilikuwa tayari kulimaliza deni kwa bei ya chini, lakini kampuni moja, Donegal International, ikawahi kulinunua kwa dola zipatazo milioni 3. Zambia iliposamehewa madeni mengine, kampuni hiyo ilikwenda mahakamani London kudai dola milioni 55. Mwaka 2007 jaji aliikemea kwa maneno makali, kisha akaipa dola milioni 15 na zaidi, kwa kuwa sheria ndivyo ilivyokuwa. Makanisa na mashirika yaliyotoka kwenye Jubilee 2000 yakalibana Bunge, na mwaka 2010 Uingereza ikapitisha sheria inayozuia mdai wa namna hiyo kudai zaidi ya kiwango walichokubali wadai wenzake.

Sheria hiyo ilihusu madeni ya zamani ya nchi za HIPC tu. Zambia hiyohiyo ilipositisha malipo Novemba 2020, sehemu ya deni lake jipya ilikuwa hatifungani zilizouzwa kwa wawekezaji binafsi waliotawanyika duniani, na sheria ya 2010 haikuzigusa. Ghana ilikwama Desemba 2022, Ethiopia mwaka mmoja baadaye. Zamani muumini aliyetaka kushawishi wadai alijua aende wapi, kwa waziri wa fedha wa nchi yake. Mwenye hatifungani hana parokia.

Papa Fransisko aliufungua Mlango Mtakatifu wa Jubilei ya 2025 mkesha wa Krismasi mwaka 2024, na katika hati ya kuitangaza akaziomba nchi tajiri zifute madeni ya wasioweza kamwe kulipa, akisema ni suala la haki kuliko la ukarimu. Alifariki dunia Aprili 2025. Miezi miwili baadaye wataalamu aliowaita, wakiongozwa na wachumi Joseph Stiglitz na Martín Guzmán, walitoa ripoti yao Vatikani. Pendekezo lao moja halina baragumu wala mwenge: kurekebisha sheria za New York na Uingereza, kwa kuwa hatifungani nyingi za nchi maskini zimeandikwa chini ya sheria za huko. Muswada wa aina hiyo umepelekwa katika Bunge la jimbo la New York, mjini Albany, mwaka baada ya mwaka, na makundi ya dini ni miongoni mwa wanaousukuma.